Wimbo Uliobadilika: Ndoto za Vita na Kazi ya Mhariri

Kosa ninalotaka kulieleza katika kurasa hizi ni langu mwenyewe, na umri wake ni nusu karne. Silielezi kwa kutaka radhi, maana aliyekosewa amekwisha fariki. Nalieleza kwa sababu naliona likitendeka tena, na wenye kulitenda ni watu hodari wa lugha, wenye nia njema kama niliyokuwa nayo mimi. Ni kosa la mhariri: kuuchukua wimbo wa askari aliyerudi vitani, kuona kwamba jana aliuimba hivi na leo auimba vile, kisha kuchagua namna moja kuwa ndiyo sahihi, na namna nyingine kuziita makosa ya kumbukumbu. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika nyimbo za aina hii yale mabadiliko ndiyo kazi yenyewe, na kwamba mhariri ayafutaye hubaki na maneno huku akipoteza sababu iliyoyafanya yasemwe.

Mwaka 1974, nikiwa kijana mwenye kinasa sauti cha kuazima na daftari mbili, nilikwenda Tabora kukusanya nyimbo za keya. Nilifikia mtaa wa Gongoni, nyumbani kwa babu yangu, kaka wa nyanya aliyemzaa mama. Mji wa Tabora uliota penye njia kuu ya misafara, ambako wapagazi wa Kinyamwezi walipita na pembe za ndovu kwenda pwani, na reli ya kati iliufikia mwaka 1912. Ni mji uliozoea majeshi. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alipigana na Waarabu waliokaa hapo. Wajerumani walijenga boma. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini. Na wakati wa Tanganyika Rifles, kambi ya batalioni ya pili iliyokuwa Tabora iliitwa Kalewa.

Wengi waliopita mbele ya lango la kambi ile hawakujua kwamba Kalewa ni mji wa Burma, kando ya mto Chindwin, ambao Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliufikia mwezi wa Desemba 1944, baada ya kushuka bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria. Babu alijua. Alikuwa katika batalioni mojawapo ya Tanganyika zilizoshuka bonde hilo. Jeshi liliiandika Kalewa langoni kuwa jina la ushindi. Kwa babu Kalewa ilikuwa mahali alipopelekwa kila alipolala.

Wimbo alionipa ulikuwa wa mwendo wa kwata, wenye kiitikio ambacho watu wa nyumba walikijua. Habari yake ni fupi. Askari wawili wamefika mtoni. Mmoja yuko ng'ambo hii, mwenziwe yuko ng'ambo ya pili, ameumia, naye anaita. Usiku wa kwanza nilipounasa, mwimbaji hakumjibu. Wimbo uliishia kwenye mwito. Siku tatu baadaye aliuimba tena, na safari hii alimjibu mwenziwe kwa jina lake. Juma la pili yule mwenziwe alikuwa amekwisha vuka. Alikuwa ameketi chini ya mwembe, anaomba tumbako, na mwimbaji anampa.

Nilimwuliza, "Babu, katika hizi tatu ni ipi iliyo sawa?"

Akanijibu, "Zote, mjukuu wangu. Ile ya kwanza ndivyo ilivyokuwa. Hii nyingine ni ya kulalia."

Nikaandika katika daftari: "kulalia, kauli ya kutendea ya lala." Sikuandika zaidi ya hapo. Bibi naye, mke wake, aliniambia jikoni kwamba mumewe huweweseka tangu aliporudi, kwamba aliwahi kumpiga usingizini bila kujua, na kwamba usiku aliouimba wimbo huo mbele ya watu huamka mara chache. Hilo nililiona si jambo la lugha, nikaliacha. Tena, kila alipoimba alichora ardhini kwa kijiti: mstari mrefu wa mto, na alama mbili, moja huku na moja kule. Wimbo ulipobadilika, alama nazo zilisogea. Asubuhi bibi alifagia uwanja, mchoro ukaondoka. Kinasa sauti hakina macho, nami niliyekuwa na macho sikuyatumia.

Nilipotayarisha nyimbo zile kwa kuchapishwa, nilichukua namna ya kwanza. Nilitoa sababu mbili: kwamba ndiyo iliyo karibu zaidi na tukio, na kwamba ndiyo nzuri zaidi. Namna ya pili na ya tatu niliziweka chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Mwimbaji, nilisema, alikuwa mzee, na kumbukumbu yake ilianza kumpotea. Kumbe kumbukumbu yake ilikuwa kamili kupita kiasi, na hilo ndilo lililokuwa taabu yake.

Kwanza tulitazame neno, maana wasomaji wa jarida hili hawataniachia nikilipita. Katika maelezo yangu niliandika kwamba wimbo ule ni juu ya "jinamizi". Nilikosea. Jinamizi, kama umbo la neno linavyodokeza, lina ujamaa na kuinama na kuinamiza. Ni kitu kinachomwinamia mtu aliyelala kikamkandamiza kifua, macho yake yakawa wazi na viungo visimtii. Hali hiyo wataalamu wa usingizi waijua: akili imeamka, lakini mwili ungali umelegea kama ulegeavyo katika usingizi wa ndoto. Babu hakukandamizwa. Yeye alikimbia, alipiga, alivuka mto, akaamka yuko nje ya mlango.

Kiswahili kina maneno mengine pia. Ndoto ni jina la jumla. Njozi huelekea kwenye maono, aghalabu yenye habari kwa ayaonaye. Kuweweseka ni kusema na kutapatapa usingizini, na wa kwanza kujua ni yule alalaye karibu. Lakini ndoto irudiayo jambo lililotukia kweli, usiku baada ya usiku, karibu bila kugeuka, haina jina la neno moja. Sioni haja ya kulibuni. "Ndoto ya vita" yatosha, na watu husema hivyo. Linalotupasa ni kuitenga na jinamizi, kwa sababu tofauti yao ina maana katika tiba. Jinamizi husemwa kuwa latoka nje na kumjia mtu. Ndoto ya vita yatoka katika yale aliyoyaona mwenyewe, na kwa hiyo mwenyewe aweza kuigusa na kuigeuza.

Kwamba aweza kuigeuza si dhana yangu. Mwaka 1917 W. H. R. Rivers, daktari aliyewatibu maofisa katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, alisoma mbele ya madaktari wenzake insha juu ya madhara ya kuzika kumbukumbu za vita. Mmojawapo wa wagonjwa wake aliwahi kukuta mwili wa rafikiye umepasuliwa na kombora, na usiku rafiki huyo alimjia katika hali ile ile. Rivers hakumwambia asahau, kama wengine walivyomwambia. Alimwonyesha upande mmoja wa habari uliokuwa kweli na ambao hakuwa ameutazama: kwamba aliyekufa vile hakupata nafasi ya kuumia. Baadaye ndoto ilirudi imegeuka. Yule ofisa aliuendea mwili, akapiga magoti kando yake, akavitoa vitu vya thamani vya marehemu ili vipelekwe kwa jamaa zake, wala hakupatwa na ile hofu ya kwanza.

Katika vita hivyo hivyo kijana mmoja Mwingereza, Adrian Hill, alichora mahandaki na miji iliyobomolewa kwa ajili ya makumbusho ya vita ya nchi yake. Mwaka 1938 alilazwa kwa kifua kikuu katika hospitali ya Midhurst, akajiliwaza kwa kuchora, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake, wakiwamo askari waliojeruhiwa katika vita vya pili. Yeye ndiye asemwaye kuwa wa kwanza kuipa kazi hiyo jina la tiba ya sanaa, mwaka 1942, na mwaka 1945 alitoa kitabu juu yake. Wengi waliomfuata walieleza kwamba Hill alitazama zaidi faida ya kuchora kwenyewe, na wao wakaongeza jambo la pili, yaani kuwako kwa mtu mwenye ujuzi anayeitazama picha pamoja na aliyeichora. Katika hospitali ya jeshi la Marekani iitwayo Walter Reed, tangu mwaka 2010, askari wenye majeraha ya ubongo na ya nafsi wamekuwa wakitengeneza vinyago vya uso. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulitazama zaidi ya 300 vya vinyago hivyo pamoja na maneno ya waliovitengeneza, ili kujua ni nini walichokionyesha ambacho hawakuweza kukisema.

Lakini kwa habari ya ndoto hasa, njia iliyo karibu zaidi na ya babu ni nyingine, ambayo waweza kuiita mazoezi ya taswira. Mgonjwa hutakiwa aichukue ndoto yake wakati wa mchana, akiwa macho, aibadilishe apendavyo, aiandike au aichore ilivyobadilika, kisha aipitie akilini kila siku kwa dakika chache. Haambiwi abadilishe nini. Hilo ni lake. Mwaka 2001 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la njia hiyo kwa wanawake waliowahi kuingiliwa kwa nguvu: ndoto zao zilipungua na usingizi ukawa bora.

Nilipousoma utaratibu huo kwa mara ya kwanza niliufunga ule ukurasa nikakaa kimya. Kuichukua habari ya usiku, kuibadilisha mchana, kuirudia: ndiyo "ya kulalia" niliyoiweka chini ya ukurasa kwa herufi ndogo.

Hapa yanipasa kujizuia, nisije nikalipia kosa moja kwa kosa jingine. Sisemi kwamba wimbo ulimponya babu. Sikuwa mganga, sikuhesabu siku zake, na ushahidi nilio nao ni neno la bibi jikoni. Aliendelea kuamka usiku mpaka uzeeni. Tena wapiganaji si wepesi wa kutibika kwa njia hii. Jaribio lililofanywa kwa wanaume 124 waliopigana Vietnam, na kuchapishwa mwaka 2010, halikuonyesha kwamba mazoezi ya taswira yaliwafaa kuliko mafunzo mengine ya usingizi waliyopewa wenzao. Anayeota vita na kuamka akiwa hatari kwake mwenyewe au kwa mkewe apelekwe hospitali, wala asipewe ngoma badala ya daktari. Ninalolisema ni dogo, na ni la fani yetu: mwimbaji alikuwa akifanya kazi maalumu kwa kuubadili wimbo wake, kazi hiyo ilikuwa na makusudi aliyoyajua na kuyataja kwa maneno yake mwenyewe, na mhariri aliyaandika maneno hayo asiyasikie.

Sasa nirudi kwenye ile sababu yangu ya pili, kwamba namna ya kwanza ndiyo nzuri zaidi, maana hapo ndipo lilipo swali la uhakiki. Ni kweli kwamba ni nzuri. Wimbo uishiao kwenye mwito usiojibiwa humwacha msikilizaji na deni moyoni, na kiitikio kikirudi baada ya mwito huo hupata maana ambayo hakikuwa nayo mwanzo. Namna ya tatu, ikiimbwa peke yake, ni dhaifu. Watu wawili, mwembe na tumbako: mtu asiyejua yaliyotangulia ataiona kuwa ni mzaha wa kibarazani. Kila mhakiki niliyemwonyesha namna hizo tatu ameichagua ya kwanza. Nami, nikiulizwa uzuri tu, bado ningeichagua.

Basi tufahamu ni nini tunachokichagua. Tunachagua ule usiku ambao mwimbaji hakulala. Ladha yetu, iliyolelewa na tanzia na mashairi ya huzuni, hulipenda jeraha likiwa bichi, na kuliona limepoteza thamani linapoanza kufunga. Sisemi ladha hiyo ni mbaya. Nasema haitoshi kuwa kipimo cha kazi ya mtu ambaye makusudi yake ni kulifunga jeraha. Ukimpima fundi kwa chombo ambacho hakukusudia kukitengeneza, utaipata kasoro, lakini kasoro hiyo itakuwa katika upimaji wako.

Ziwekwe namna tatu pamoja, ziwe kazi moja yenye hatua tatu, na tazama yanayoonekana. Katika ya kwanza mto uko kati ya watu wawili na hapana sauti ila moja. Katika ya pili sauti ni mbili, na jina la marehemu limetajwa, jambo ambalo mwimbaji hakulithubutu hapo kwanza. Katika ya tatu mto haumo tena. Na ule mwembe! Niliupita mara nyingi bila kuuliza umetoka wapi. Miembe ndiyo miti ya Tabora. Imesimama kandokando ya njia zake, na kivuli chake ndicho kivuli ambacho watoto wa Gongoni hukijua kabla ya kingine. Mwimbaji amemtoa mwenziwe ukingoni mwa Chindwin, akamleta nyumbani, akamketisha kivulini, akampa alichokiomba. Hakumfufua, na wimbo hausemi kwamba alipona. Amemfanyia lile ambalo pale mtoni hakuweza kumfanyia: amemwitikia, na amempa kitu mkononi. Ofisa wa Rivers, aliyepiga magoti akatoa vitu vya rafikiye, alifanya jambo la namna hiyo hiyo. Mstari niliouona dhaifu ndio uliobeba safari yote ya kurudi kutoka Burma mpaka Tabora, lakini hauonyeshi uzito wake mpaka mistari mingine miwili iwe karibu yake.

Wala si jambo geni katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma kwamba kitishacho kipewe umbo mbele ya watu. Mwaka 1953 Hans Cory alitoa kitabu juu ya picha zilizochorwa katika kuta za nyumba ambamo chama cha mafundi wa nyoka kiliwafunza wanachama wake wapya. Msomaji wa picha hizo hujifunza mambo mawili. La kwanza, achoraye nyoka hapo hachori kitu cha mbali: ni mnyama ambaye mwanafunzi atamshika kwa mkono wake. La pili, picha ina mahali pake na watu wake. Imo ndani ya nyumba, yupo mjuzi wa dawa, wapo waliokwisha pita njia hiyo, na mwanafunzi hatazami peke yake. Picha hizo zikibanduliwa ukutani na kutundikwa katika chumba cha maonyesho, mistari na rangi hubaki, lakini ile nyumba haimo. Wimbo wa babu nao ulikuwa na nyumba yake, nayo ni uwanja wa Gongoni, watu waitikiao, na mkewe aliyejua maana ya kila badiliko kwa kuwa yeye ndiye aliyeamshwa usiku.

Neno hili la watu waitikiao lina uzito. Mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya njiani na ya kambini, wamejaribiwa kutibiwa kwa masimulizi watu waliowahi kuwa wapiganaji, na matokeo ya jaribio mojawapo yalichapishwa mwaka 2013. Mgonjwa hutandaza kamba ardhini iwe maisha yake. Huweka ua mahali pa jambo jema, jiwe mahali pa jambo baya, na kijiti mahali ambapo yeye ndiye aliyedhuru. Kisha husimulia kamba yote kwa taratibu mbele ya mtu aliyefunzwa kusikiliza. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka mstari na alama mbili katika mchanga wa uwanja wetu. Lakini nilikumbuka pia kwamba babu alikuwa na alama mbili tu. Hakuwa na kijiti cha wale aliowadhuru yeye, na wimbo wake haukuwataja. Huenda alikuwa na nyimbo nyingine ambazo hazikuimbwa mbele ya mjukuu mwenye kinasa sauti. Msikilizaji huchagua nusu ya wimbo bila kujua, kwa kuwa tu ni yeye aliyeketi pale.

Yafaa sasa tuseme neno juu ya tenzi, kwa sababu wahakiki wetu waliposoma habari za vita katika Kiswahili wamesoma tenzi kwanza, na kutokana nazo wamepata mazoea ya kuhariri. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliotoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufariki kwake, na Utenzi wa Vita vya Kagera wa Henry Muhanika, uliotoka mwaka 1981: hizi ni kazi za kuheshimiwa, na kazi yao ni kuweka. Mtunzi hukusanya habari, huzipanga, huwataja majemadari na miji, na huwaachia watoto wa baadaye ukumbusho usiobadilika. Katika tenzi za namna hiyo mhariri ana haki ya kutafuta andiko lililo sahihi, kwa sababu mtunzi mwenyewe alilitafuta. Shaaban Robert hakuwa askari. Alivitazama vita vya dunia kama mapambano ya haki na udhalimu, na kwa macho hayo aliona mengi ambayo askari mmoja mtoni hawezi kuyaona.

Kosa ni kuichukua sheria ya utenzi na kuihukumia nayo kazi isiyokuwa utenzi. Utenzi hutaka kudumu. Wimbo wa babu ulitaka kugeuka. Utenzi hutaka vita vikumbukwe na wasiokuwako. Wimbo ule ulitaka kumpunguzia kumbukumbu aliyekuwako. Mambo haya mawili hayapingani, na taifa layahitaji yote mawili, lakini hayahaririwi kwa kanuni moja.

Kuna wenzangu watakaonijibu kwamba nayageuza mashairi kuwa vyeti vya hospitali, na kwamba mhakiki akianza kutafuta dalili za ugonjwa katika kila shairi hatasoma shairi tena. Hofu hiyo ni ya haki. Naichukia tabia ya kumpima mtunzi mapigo ya moyo katika kila ubeti. Lakini mimi sikuingiza ugonjwa ndani ya wimbo kwa dhana zangu. Mwimbaji mwenyewe alisema ni ya kulalia. Mkewe alisema. Mchoro ulisema. Mhakiki husoma kazi kwa makusudi yaliyotangazwa na mwenye kazi pale yanapotangazwa; na kuyapuuza kwa kujitia ulinzi wa sanaa si ulinzi, ni uziwi.

Nimeandika haya si kwa ajili ya keya, ambao karibu wote wamekwisha pita. Waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 sasa ni wazee, na wako miongoni mwetu, Tabora na kwingineko. Wanafunzi huwaendea kukusanya nyimbo na masimulizi yao, na vyombo vyao ni bora kuliko changu. Nimeyaona baadhi ya maandiko yao. Bado namna moja huchapwa katikati ya ukurasa na nyingine huwekwa chini, na bado sababu itolewayo ni umri wa msimulizi.

Napendekeza mambo manne. Namna zote za wimbo au simulizi zichapishwe zikiwa sawa kwa daraja, kwa utaratibu wa siku zilivyofuatana, bila hata moja kuitwa asili. Pamoja na kila namna paandikwe ni nani waliokuwako, nani aliitikia, na mwimbaji alifanya nini kwa mikono yake. Na kama alichora, mchoro unakiliwe. Maneno ambayo mwimbaji huyatumia mwenyewe kuieleza kazi yake yahesabiwe kuwa ni istilahi za uhakiki, yafafanuliwe kwa bidii ile ile tuitumiayo kwa istilahi za wataalamu. Na mwisho, mkusanyaji asimhimize mzee arudi mahali ambapo hataki kurudi kwa ajili ya kukamilisha rekodi. Ajue mapema, kabla ya kuwasha chombo chake, ni wapi msimulizi atapata msaada wa mganga akiamka usiku ule. Na kama hajui, asiwashe.

Katika andiko jipya la nyimbo zile ninalolitayarisha, namna tatu zitakuwa bega kwa bega katika ukurasa mmoja. Chini yake, mahali ambapo zamani palikuwa na makosa ya kumbukumbu, nitaliweka neno moja na maelezo yake: kulalia, kauli ya kutendea ya lala, wimbo wa kulalia, wimbo ambao askari huubadili mchana ili aweze kulala usiku, kama alivyoeleza mwimbaji, Gongoni, Tabora, 1974. Mchoro sitaweza kuuweka. Naukumbuka ulikuwa na mstari na alama mbili, lakini sikumbuki usiku ule wa tumbako alama ya pili aliiweka wapi.